Eti Wamehitimu

Wiki iliyopita jirani yangu wa Ndosho, mtaa wa hapa Goma, mama mmoja, aliniletea barua nimsomee, kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza ilhali yeye na wenzake kumi na mmoja wanajua Kiswahili na Kifaransa tu. Mfuko mmoja wa Ulaya, uliowasaidia kutengeneza makala kwa vumbi la mkaa na mabua ya mahindi (makala ya kupikia, si hii unayoisoma), unawapongeza kwa kuhitimu. Nilipomfafanulia kwamba kuhitimu maana yake ni pesa kukoma, aliniuliza: "Sasa papa, diplome iko wapi?"

Uhisani wa uwekezaji, ambao ndio mtindo wa mfuko huo, wenyewe siupingi. Uliahidi kutofanana na ONG, yaani mashirika yasiyo ya kiserikali, zinazogawa, zikapiga picha na kuondoka: ungekopesha au kununua hisa, ungekaa na wenye biashara kwenye hesabu zao, kisha ungesubiri. Acumen, mfuko wa aina hiyo wa Marekani ulioanzishwa mwaka 2001, ulikikopesha kiwanda cha vyandarua cha A to Z cha Arusha, na leo vyandarua vyake vinahesabiwa kwa mamilioni. Hata hapa Goma, anayewasha taa kwa umeme wa maji wa kituo cha Matebe, ule wa megawati 13.6, anafaidi fedha za wakfu wa Mmarekani Howard Buffett. Ninalikiri hilo kwa shingo upande.

Ila kusubiri ndiyo kazi yenyewe, nao hawa wa mfuko wa jirani yangu walisubiri miezi 18. Makala ya mabua hukaushwa kwa jua, na kwetu mvua ikianza Septemba haina haraka ya kuondoka, kwa hiyo anayetaka kuuza mwezi wa Novemba lazima awe amelundika mali tangu Agosti, na fedha zake zote zimelala chini ya turubai. Akina mama waliomba mabati ya banda la kukaushia. Wakajibiwa kwamba bajeti ni ya mafunzo, wakafundishwa kwa video namna ya kujieleza mbele ya wawekezaji kwa dakika tatu. Wawekezaji gani, Ndosho? Kisha ikaja Januari 2025, mji ukachukuliwa na waasi wa M23, benki zikafungwa na akiba yao ikabaki ndani, lakini dodoso la kila miezi mitatu halikukosa kufika hata mara moja, likiuliza miti mingapi ya hifadhi ya Virunga imeokolewa isikatwe kwa mkaa. Walipimwa kwa kila kitu isipokuwa mvua na vita.

Likirimba yao, ule mchango wa kupokezana kwa zamu, haina mtaalamu hata mmoja, lakini mtoto wa mwenzao alipolazwa, zamu ilisogezwa jioni ileile, bila fomu.

Mwishoni barua inawaomba wajaze dodoso moja zaidi, la kueleza walivyoridhika, kabla ya Ijumaa. Nilimshauri aliache. Amelijaza, kwa sababu kati yetu wawili yeye ndiye mwenye adabu.