Mpira Hauvuji, Lakini Naubadilisha

Jumamosi nilijilaza chali chini ya Mazda Eunos Roadster yangu ya mwaka 1996, kwenye kivuli cha mwarobaini nyumbani Kisasa, tochi ya simu mdomoni. Nikaukunja mpira wa breki wa mbele kulia, ule unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu. Ukatoa vinyufa vyembamba, kama kisigino kisichojua mafuta. Nilipouachia, vikajifunga. Ukiuangalia hivi hivi huoni kitu.

Fundi wangu, mzee aliyeanza kushika spana kabla sijazaliwa, aliupitishia kidole akanionyesha: kikavu. "Kijana, huu hauvuji. Hela hiyo kanunulie tairi."

Kuhusu tairi sina ubishi. Ila hili la kungoja mpira uvuje silikubali. Mpira wa breki una matabaka: mpira wa ndani unaopitisha mafuta, nyuzi za katikati zinazouzuia usitanuke, na ngozi ya nje. Jua letu la Dodoma unaliona kwenye ngozi ya nje. Ndani huoni. Ukuta wa ndani ukivimba au ukibanduka, tundu linabanwa. Ukikanyaga, presha ya mguu inayasukuma mafuta yapite kwa lazima. Ukiachia, hayana msukumo wa maana wa kuyarudisha, na pedi zinabaki zimeng'ang'ania diski.

Nilishaanza kushuku hilo, maana kila nikitoka Mtumba rimu ya kulia inachoma mkono na ya kushoto ni vuguvugu tu. Mzee akasema ni kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Tukapiga jeki, nikakanyaga breki na kuachia. Gurudumu likagoma kuzunguka. Akalegeza nati ya bomba la chuma, kabla ya mpira: gurudumu bado limeshika. Akaikaza, akaenda kulegeza kile kinati cha kutolea upepo kwenye kalipa. Mafuta yakaruka, gurudumu likaachia. Pistoni ya kalipa ingekuwa imeganda, lisingeachia hata hapo. Basi tatizo ni mpira. Mzee hakusema kitu, akatafuta kitambaa cha kufutia mikono.

"Haya, badilisha huo mmoja."

Tukaanza upya. Mipira iko minne, na yote ina umri mmoja. Nikibadilisha mmoja, mafuta nitamwaga, upepo nitatoa, na mwezi ujao nirudie yale yale kwa wa kushoto? Kuna watakaosema breki zina njia mbili, moja ikifa nyingine ipo. Ipo, lakini kwenye gari hili mbele ni njia moja na nyuma ni nyingine, na kazi kubwa ya kusimamisha gari inafanywa na mbele. Mimi nataka kwenda Iringa na kurudi. Ukishaanza kushuka Nyang'oro kuelekea Mtera, za nyuma peke yake sizitaki. Tena pedi inayoburuta inayapasha mafuta moto. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi joto 205, lakini yakishanyonya maji kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni 140 tu. Yakichemka, pedali inazama kama umekanyaga sponji.

Vijana wa magari ya spoti wananisukumia mipira ya kusukwa kwa waya, ya rangi. Haitanuki kama ya kawaida, kweli, na pedali inakuwa ngumu vizuri. Lakini mimi si mtu wa mashindano, na mpira uliofunikwa waya huwezi kuukunja ukauona unazeeka. Vumbi letu nalo likiingia kwenye zile nyaya linasaga kama msasa. Nimeagiza ya kawaida, pamoja na washa mpya za shaba, vile vipete vya kuziba maungio. Ikija, nimemwomba mzee aangalie ule mstari mweupe uliochorwa kwenye mpira: ukizunguka kama nyoka, mpira umefungwa umejipinda.

Gari sasa liko juu ya mawe, naenda kazini kwa daladala. Jana usiku mzee akapiga simu, nikadhani anataka tena kunishawishi nibadilishe mmoja.

"Kijana, wa klachi umeuhesabu?"

Sikuwa nimeuhesabu.