Daktari anayefundisha madaktari kufundisha: kakimbia wodi au ndo yuko kazini?

Wiki iliyopita nilikuwa nakunywa supu pale Upanga na rafiki yangu mmoja, bingwa wa magonjwa ya ndani, anatibu na anafundisha chuo kimoja hapahapa Dar. Tukaanza kumzungumzia mwenzake wa siku nyingi ambaye siku hizi sehemu kubwa ya kazi yake ni kuwanoa walimu wenzake wa udaktari wajue kufundisha. Jamaa akatikisa kichwa, "Yule tulishampoteza, siku hizi ni mtu wa flipchati na maka peni." Tukacheka. Nilipofika nyumbani ikaanza kunisumbua, maana kauli hiyo nimeisikia mara nyingi kwa maneno tofauti: kakimbia wodi, anatafuta posho za semina, kachoka na wagonjwa. Na upande wa pili kuna watu wa elimu, waliosomea ualimu kweli, nao wanauliza lao la haki kabisa, kwamba huyu daktari kafuata nini kwenye fani yetu, mbona sisi hatuombi kuingia tieta kupasua watu?

Kwahiyo huyu mtu anapigwa pande mbili. Madaktari wanamwona sio daktari tena, walimu wanamwona sio mwalimu bado.

Tuanze na wanaomkosoa maana hawasemi uongo. Walimu wa udaktari ni wachache, hilo halina ubishi. Kuna utafiti mkubwa wa vyuo vya udaktari vya Afrika kusini mwa Sahara uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2011, walihesabu vyuo 168, wakapeleka maswali kwa 146, vikajibu 105, na kilio kilichojirudia ni kwamba walimu hawatoshi. Nchi 24 zilikuwa na chuo kimoja tu, 11 hazikuwa nacho kabisa. Sasa katika hali hiyo unamchukua bingwa siku tatu nzima anakaa ukumbini anajifunza namna ya kuandika malengo ya somo, na kliniki yake siku hizo anaiona nani? Mama aliyetoka Chanika saa kumi alfajiri kuwahi namba anaambiwa dokta yuko kwenye mafunzo. Mi siwezi kumwangalia huyo mama usoni nikamwambia hilo ni jambo jema.

Watu wa elimu nao wana yao. Kutunga mtihani ni ufundi, sio kipaji cha kuzaliwa. Nani kasema 50 ndo alama ya kufaulu, kwa kila pepa, liwe rahisi liwe gumu? Swali lina majibu matano na mawili yote yanaweza kuwa sahihi ukimuuliza bingwa mwingine, mwanafunzi anapigwa sapu, anarudia mtihani, mwingine anadisko, yaani anaondolewa chuo kabisa, kumbe tatizo lilikuwa swali. Mtu aliyesomea upimaji anayaona haya kwa kuangalia matokeo tu, bila hata kujua ini liko upande gani. Hapo nawapa pointi zote.

Alafu kuna hoja ambayo mi binafsi ndo inaninyima usingizi. Mwaka 2006 Yvonne Steinert wa Chuo Kikuu cha McGill kule Kanada na wenzake walikusanya tafiti za mafunzo haya ya kuwanoa walimu wa udaktari, zilizochapishwa kati ya 1980 na 2002, wakabaki na 53. Sita tu ndo zilipanga washiriki kwa bahati nasibu kama tunavyopima dawa, 47 zilizobaki hazikufika huko. Na walikuta nini? Washiriki walifurahi sana. Wanasema wamejifunza, wanasema wamebadilika. Ila tafiti zilizofuatilia mpaka kwa mwanafunzi, kujua kama naye kapata kitu, zilikuwa chache. Walirudia zoezi mwaka 2016 na tafiti 111, picha ikawa ya kufanana.

Hebu tulia hapo kidogo. Hawa ni madaktari, watu ambao ukiwaletea dawa ya presha ukasema "wagonjwa wameipenda sana, wanajisikia vizuri" watakufukuza ofisini. Leo wao wenyewe wanapima mafunzo yao kwa karatasi ya mwisho wa siku, ile ya kuzungushia namba moja mpaka tano, ambayo kila mtu anajaza akiwa ameshika begi anawahi foleni. George Miller, daktari wa Marekani, mwaka 1990 alichora ile piramidi inayofundishwa kila mahali: chini kabisa mtu anajua, juu yake anajua namna, juu tena anaonyesha, kileleni anafanya kweli akiwa kazini. Tunamwambia mwanafunzi wa mwaka wa tatu haitoshi kujua, tunataka kuona unafanya. Mwalimu wake tunamuuliza tu, umefurahi?

Nimeizungusha hii kichwani siku nyingi. Na kila nikifika mwisho wake naona inakata pande zote, maana na ile desturi yetu nyingine, kwamba mtu akishapata MMed, ile shahada ya ubingwa, basi anajua kufundisha, nani aliwahi kuipima? Haina tafiti 53, mi sijaona hata moja. Tumeirithi tu.

Naomba nisimulie kitu. Mi nilisoma udaktari, nikamaliza na intern, kisha nikahamia kwenye takwimu za afya. Chuo sikitaji. Mwaka wa tatu tulikuwa raundi, wanafunzi kama kumi na wawili tumekizunguka kitanda cha mama mmoja mwenye valvu ya moyo iliyobana. Bingwa akamwambia mwenzetu asikilize aseme anasikia nini. Kijana akasikiliza, akasema kuna mlio, moyo unaposukuma. Kakosea, mlio ulikuwa moyo unapojaa. Yule bingwa akamuuliza kwa Kiingereza, taratibu kabisa, ni nani aliyekupokea chuo hiki. Watu wakacheka, na mi nilicheka. Mama wa watu Kiingereza hajui, kaona tu daktari mkubwa kakasirika, akavuta shuka akauliza, "Dokta, nimefanya nini?"

Hakuna aliyemjibu, tukahamia kitanda kinachofuata.

Kilichotokea baadae ndo cha kukitazama. Kuanzia siku ile tukajifunza kusimama nyuma ya mtu mrefu. Akiuliza nani asikilize, kila mtu anaangalia viatu. Nimemaliza mpaka intern bila kuusikia vizuri ule mlio, na kwenye faili nilikuwa naandika moyo uko sawa. Sijui ni wangapi niliwaandikia hivyo. Na yule bingwa hakuwa mtu mbaya jamani, alikuwa anakuja wodini hadi Jumapili, wagonjwa walimpenda. Alifundisha alivyofundishwa, basi.

Sasa, kuna kanjia kadogo ka kufundishia kitandani, kalichapishwa 1992 kwenye jarida la madaktari wa familia wa Marekani, kana hatua tano na kanachukua kama dakika moja. Mfanye mwanafunzi aseme anachodhani. Muulize kwa nini. Mpe kanuni moja tu ya kuondoka nayo. Mwambie alichopatia. Mrekebishe alipokosea. Kwa mwenzetu ingekuwa hivi: umepatia, mlio upo. Wakati wake ndo umekosea, shika mshipa wa shingoni huku unasikiliza, utajua moyo unasukuma saa ngapi. Haya mama, geukia kushoto kidogo, sikiliza tena. Mwisho.

Nani angemwambia hayo yule bingwa? Mtaalamu wa elimu angekuwepo pale angeona aibu ya kijana na angeona hofu ya mama, pengine kabla yetu sote. Lakini asingejua kama mlio ni wa kusukuma au wa kujaa, kwahiyo asingeweza kusema kijana alipatia nini na alikosea wapi, na bila hicho hatua ya nne na ya tano hazipo. Na tuseme ukweli wa mtaani, bingwa wa miaka ishirini akiambiwa na mtu asiye daktari "ungeuliza vingine" atatabasamu, atasema asante, na kesho yuko palepale. Akiambiwa na mwenzake waliyekesha naye zamu, hapo atanuna, atabisha, alafu usiku ataifikiria.

Ndio maana naona huyu mtu wa flipchati hajaeleweka. Kule Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, tangu miaka ya 1980, Kelley Skeff, daktari wa magonjwa ya ndani ambaye alienda kusoma na PhD ya elimu, alikuwa anawachukua madaktari kama mwezi mmoja, wanajitazama kwenye video wakifundisha, kisha wanarudi kwao kuwafundisha wenzao. Alikuwa na mambo saba ya kuangalia, na la kwanza sio malengo ya somo wala slaidi, ni hali ya hewa ya mahali pa kujifunzia, yaani mwanafunzi anaweza kusema sijui bila kuchekwa? Huyo mwalimu mmoja akirudi kwao akanoa wenzake kumi, na kila mmoja ana kundi la wanafunzi kumi na wawili, ni wanafunzi 120 kwa mzunguko mmoja. Kliniki aliyoikosa ni ya kweli. Hao 120 nao ni wa kweli, ila hawakai foleni koridoni tukawaona.

Wanaosema tuchague kati ya daktari na mwalimu wangeangalia hii kazi ilianzaje. Huyohuyo Miller, miaka ya 1950 pale Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani, alikaa meza moja na Stephen Abrahamson, mtu wa elimu asiye daktari, wakawa wanaangalia madaktari wanavyofundisha. Ilianza kwa daktari na mtu wa elimu pamoja. Na hapa kwetu chuo cha Muhimbili kilipohamia kwenye mitaala ya umahiri mwaka 2011, baada ya miaka kadhaa ya kushirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha California kule San Francisco, mtaala ulitaka mwanafunzi aonekane akifanya, kwahiyo lazima awepo mwalimu anayejua kumtazama mtu akifanya. Huwezi kubadilisha karatasi ukamwacha mwalimu vilevile.

Msimamo wangu basi, kama haujaonekana bado: mitihani na vipimo wapewe watu wa elimu, tena wapewe meno, wakisema swali ni bovu lifutwe hata kama katunga profesa. Kitandani aongoze daktari. Ila awe daktari ambaye bado ana wagonjwa, na hapa nakubaliana na wabishi kabisa, maana akikaa miaka mitano ofisini tu na vyeti vya semina anakuwa amepoteza kile kitu pekee kilichomfanya asikilizwe. Na mafunzo yenyewe yasiwe ya hoteli siku tatu, yawe wodini, saa moja, mtu anakutazama ukifundisha kisha mnakaa pembeni. Hayo hayana posho, najua, kwahiyo tutajua nani alikuwa anafuata nini. Chuo nacho kihesabu kazi hiyo mtu anapoomba kupanda cheo, sio makala za utafiti tu.

Juzi nikampigia tena yule rafiki yangu. Nikamuuliza, tangu uanze kufundisha kuna mtu amewahi kusimama pembeni akakutazama ukifundisha? Kimya. Alafu, "Anitazame nani?" Nikamwambia mtu yeyote, ungemkubali nani. Akafikiria muda mrefu nikadhani simu imekata. Akasema labda yule jamaa wa flipchati, maana Jumanne huwa tunapiga naye raundi.

Nikamuuliza si mlishampoteza? Akasema ana mgonjwa, atanipigia.