Tuliomlilia Kadenge Bila Kumwona Akicheza

Joe Kadenge, nyota wa zamani wa soka wa Kenya, alifariki dunia jijini Nairobi tarehe 7 Julai 2019, akiwa na umri wa miaka 84. Harambee Stars, timu ya taifa, walikuwa wametoka tu kuaga Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri, mashindano ambayo Kenya ilikuwa haijashiriki kwa miaka 15, na vijana walikuwa bado wanabishana kuhusu mabao mawili ya Michael Olunga dhidi ya Tanzania na kile kichapo cha tatu bila kutoka kwa Senegal, ndipo habari ya msiba ikaingia. Saa chache baadaye kila mtu alikuwa anaandika maneno yaleyale, awe mstaafu wa miaka 70 au mwanafunzi wa chuo: Kadenge na mpira, msemo wa utangazaji wa redio wa enzi zake.

Wapo waliokerwa. Nilisoma na kusikia watu wazima wakiuliza kijana aliyezaliwa mwaka 1995 anamlilia Kadenge kwa lipi, ilhali hakuwahi kumwona hata akipiga danadana. Swali hilo limerudi kila anapofariki mchezaji wa zamani, na kila mara huulizwa kwa sauti ya mtu anayelinda mali yake. Mimi naliona kuwa swali lisilo na haki, kwa sababu ukilifuata hadi mwisho litawaondoa msibani hata wengi wa hao wazee wenyewe.

Tukumbuke Kadenge alitamba lini. Kenya ilipata uhuru Desemba 1963, na ligi ya taifa ilianza mwaka huohuo. Abaluhya, klabu yake ambayo leo inaitwa AFC Leopards na ambayo mashabiki wake huiita Ingwe, ilitwaa ubingwa mwaka 1966 na tena mwaka 1967, wakati jina la Kadenge likiwa midomoni mwa watu kila wikendi. Televisheni ilikuwa imeingia nchini mwaka 1962, lakini ilikuwa chombo cha nyumba chache za mijini. Mtu wa Lamu, wa Lodwar au wa Kisii, aliyekuwa na shughuli zake za shamba au za bahari, hakuwa na njia ya kufika Nairobi kutazama mechi na kurudi. Alichokuwa nacho ni redio, mara nyingi moja kwa majirani kadhaa, na sauti ya Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa redio ya taifa, Sauti ya Kenya.

Kwa hiyo nchi nzima ilimfahamu Kadenge kwa masikio. Mbotela alipotamka jina lile mara ya kwanza, msikilizaji alijua mpira umefika mahali salama. Alipolirudia mara ya pili na ya tatu bila kutaja jina la mpinzani, msikilizaji alijua mabeki wanapitwa. Na sauti ilipopanda, watu walisimama kabla hawajaambiwa kwamba ni bao. Aliyesikiliza hivyo mwaka 1966 na aliyesimuliwa na babu yake mwaka 2006 wanatofautiana kwa mengi, lakini katika hili moja wako sawa: wote wawili walimjenga Kadenge wenyewe, kichwani, kwa maneno ya mtu mwingine. Kama machozi ya mmoja ni halali, ya mwenzake ni halali pia.

Nadhani ndiyo maana msiba ule ulikuwa na namna yake ya kipekee. Pelé alipofariki tarehe 29 Desemba 2022, dunia ililia huku ikitazama. Usiku uleule runinga zilionyesha mabao yake ya Sweden mwaka 1958 na ya Mexico mwaka 1970, na Januari iliyofuata zaidi ya watu 200,000 walipita mbele ya jeneza lake katika uwanja wa Vila Belmiro, mjini Santos, wengi wao wakiwa na picha zilezile akilini. Kwetu hapakuwa na cha kurudia kwenye skrini kinacholingana na sifa zilizokuwa zikitolewa. Tulirudia sentensi, na baada ya sentensi tukawatafuta wazee.

Mimi nilibahatika kukaa karibu na wawili wao katika matanga ya jirani wiki chache baada ya hapo, na mazungumzo, kama ilivyo kawaida ya matanga, yaliondoka kwa marehemu wa nyumbani yakafika kwa marehemu wa taifa. Mmoja alikusanya vifuniko vya soda, akavipanga juu ya kiti cha plastiki, vinne vikiwa mabeki na kimoja, kilichobonyea ukingoni, kikiwa Kadenge. Alikisogeza kwa kidole polepole, akakisimamisha mbele ya beki wa kwanza, akasubiri. Hapo ndipo ilipokuwa hatari yenyewe, alisema, kwa sababu beki akishaona mtu amesimama hujiona ameshinda. Mwenzake alimkatiza papo hapo: mpira ulikuwa mguu wa kushoto, na wewe umeuweka kulia. Walibishana kwa muda mrefu na kwa heshima, "sikiliza mzee", "hapana mzee wangu", na hakuna aliyekubali kushindwa. Hakuna aliyewarekodi pia, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo.

Brazil wanalo jambo la kutufundisha hapa, na wala halihusu fedha nyingi. Bao ambalo Pelé mwenyewe alilitaja kuwa zuri kuliko yote aliyofunga, lile la tarehe 2 Agosti 1959 dhidi ya Juventus ya São Paulo katika uwanja mdogo wa Rua Javari, halikunaswa na kamera yoyote. Aliwapiga kanzu mabeki, yaani aliupitisha mpira juu ya vichwa vyao, akampiga kanzu na kipa, akamalizia kwa kichwa. Miaka 45 baadaye bao hilo lilitengenezwa upya kwa kompyuta, kwa kufuata masimulizi ya waliokuwapo. Brazil walikuwa na filamu za kutosha za Pelé kuweza kuliacha bao moja lipotee, lakini waliona kumbukumbu ya walioshuhudia kuwa mali inayofaa kukusanywa.

Sisi tulifanya nini baada ya kumzika Kadenge? Tulimpa heshima, sikatai. Ule Uwanja wa City wa Nairobi, ambao Ingwe na watani wao Gor Mahia walijaza kwa miaka mingi, sasa unabeba jina lake, na nilifurahi kwa dhati niliposikia. Lakini jina lililo getini halimwelezi mtoto wa Makongeni jinsi mtu huyo alivyogeuka na mpira. Na kabla ya kufariki, habari za maradhi yake na gharama za matibabu zilishafika magazetini, aibu ambayo imezungumzwa sana na bado haijazungumzwa vya kutosha. Ila wakati tunalaumiana kuhusu bili, jambo la pili liliendelea kutuponyoka kimya, nalo ni ushahidi.

Mbotela naye alifariki tarehe 7 Februari 2025. Mchezaji amekwenda, na sauti iliyompeleka kwenye kila kijiji imekwenda. Aliyekuwa na miaka 15 Abaluhya walipotwaa ubingwa mwaka 1966 alikuwa anatimiza miaka 74 mwaka ule Mbotela alipoaga. Watu hawa wako Vihiga na Kakamega, wako Eastlands, na wengine hawako Kenya kabisa, kwa kuwa Kombe la Gossage liliikutanisha Kenya na Uganda, Tanganyika na Zanzibar hadi mwaka 1966. Huenda beki bora wa kumweleza Kadenge ni mzee wa Kampala au wa Ng'ambo, Unguja, aliyepigwa chenga zile na hajazisahau.

Ninaomba basi kitu mahususi. AFC Leopards ina matawi ya mashabiki karibu kila mji. Kila tawi limteue mtu mmoja mwenye simu nzuri awatembelee wazee wa eneo lake na kuwarekodi kwa picha na sauti, wakisimulia mechi moja moja, kwa mwaka na mpinzani inapowezekana. KBC, mrithi wa Sauti ya Kenya, ipekue ghala lake, na kanda yoyote ya utangazaji wa miaka ile iliyosalia isafishwe na kuwekwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuisikiliza bure. Kaunti ya Vihiga, alikotoka Kadenge, itenge chumba kimoja cha kuhifadhi kazi hiyo. Na wanaorekodi wasiwakatize wazee wanapopingana kuhusu mguu wa kulia au wa kushoto. Wawaweke kwenye benchi moja, wawape vifuniko vya soda, na kamera iendelee kunasa.