Akaunti ya rafiki si leseni

Chumba cha mabati kule Mathare huwa futi kumi kwa kumi. Mkaaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi: kitanda, jiko, viti na watoto, vyote humo. Sasa chukua picha ya Sentinel-2, setilaiti ya Ulaya ambayo picha zake ni bure kwa yeyote mwenye intaneti. Pikseli yake moja, yaani nukta moja ya picha, hufunika ardhi ya mita 10 kwa 10. Vyumba vya aina hiyo vinaingia humo vinane au tisa, pamoja na kichochoro na mtaro, na vyote vinatoka vikiwa doa moja la kijivu. Ukitaka chumba kimoja kikaribie pikseli moja, unahitaji picha zenye pikseli ya mita 3 hivi, kama zile za kampuni ya Planet. Ukitaka kuona kama paa limeezuliwa, unahitaji sentimita 30 au 50, yaani setilaiti kama WorldView au Pléiades. Hapo ndipo bure inapoishia.

Vyumba hivyo ndivyo wanafunzi wanavyoniulizia siku hizi. Wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliamuru wanaokaa ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na matingatinga yakaja. Nyumba ngapi zilibomolewa? Ngapi zimejengwa tena, na ziko ndani ya mstari ule au nje? Ni maswali mazuri ya tasnifu ya uzamili, ila ukanda wenyewe unaobishaniwa una upana wa pikseli tatu tu za Sentinel-2. Huwezi kuhesabu nyumba humo. Mwanafunzi anahitaji picha za kulipia, na idara yake haina fungu la picha. Ina fungu la karatasi za kuchapia na, akibahatika, nauli ya kwenda uwandani.

Basi anatafuta njia ya panya. Anapiga picha ya skrini kutoka Google Earth na kuichorea mipaka juu yake, au anaomba nywila ya rafiki anayesoma uzamifu Ulaya. Simlaumu sana, maana hakuna aliyemwonyesha njia nyingine. Lakini deni lake linakuja kudaiwa baadaye. Jarida linauliza: data zimetoka wapi, na mtu mwingine azipateje? Anaandika "picha za setilaiti za ubora wa juu" na kunyamaza. Hakuna anayeweza kuirudia kazi yake ili kuithibitisha, na msimamizi anabaki kutetea ramani asiyoweza kueleza asili yake. Rafiki naye amejiweka pabaya, kwa kuwa leseni za namna hiyo hutaja ni nani anayeruhusiwa kuzitumia picha, na rafiki aliyeko Nairobi hayumo kwenye orodha.

Kinachoudhi ni kwamba milango halali ipo. Shirika la Anga la Ulaya, ESA, lina mpango unaowapa watafiti data za setilaiti za watu wengine, zikiwemo za kampuni za biashara. Unaandika pendekezo la mradi: swali lako ni lipi, unataka eneo gani, tarehe zipi, picha kiasi gani, na utazifanyia nini. Linapitiwa, na likikubaliwa unapewa mgao bila malipo, kisha unadaiwa ripoti mwishoni. Baadhi ya mikusanyo hiyo inataja wazi kwamba watafiti wa Afrika wanaruhusiwa kuomba. Pendekezo zuri halihitaji kuwa refu. Linahitaji faili ya mipaka iliyochorwa vizuri na sababu ya kueleweka kwa nini picha za bure hazitoshi, na hesabu ya vyumba vinane katika pikseli moja ni sababu tosha kabisa. Wengi wetu tunashindwa hapo kwa kuandika "Nairobi na vitongoji vyake" kana kwamba tunaagiza basi.

Planet nayo ina mpango wa elimu na utafiti kwa watu wa vyuo vikuu. Unajiandikisha kwa barua pepe ya chuo, unapewa mgao wa kilomita za mraba kwa mwezi, kwa matumizi yasiyo ya biashara. Mgao huo umekuwa ukipunguzwa kadiri miaka inavyokwenda, lakini bado ni wa maelfu, na kaunti nzima ya Nairobi ni kilomita za mraba 696 hivi. Kwa anayefuatilia kahawa ya Kiambu au gugumaji la Naivasha, huo ni utajiri. Kwa anayehesabu mabati ya Mathare bado ni ukungu kidogo, ila ukungu wa halali.

Wengi hukimbilia NASA kwa sababu ya jina. NASA ina mpango wa kununua data za setilaiti ndogo za kampuni, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017, na kwenye orodha ya wauzaji wamo Planet, Spire na Airbus. Huo si mlango wetu wa mbele. Umejengwa hasa kwa watafiti wanaofadhiliwa na NASA na kwa mashirika ya serikali ya Marekani, na mkataba wa kila kampuni ndio unaosema nani mwingine anaweza kuingia. Kama una mshirika wa utafiti kule, mwambie asome mkataba kabla hajakutumia hata picha moja.

Halafu kuna mlango uliofungwa. Kuanzia mwaka 2020 Norway ililipia picha za Planet za ukanda wote wa tropiki, zikiunganishwa kila mwezi, pikseli ikiwa chini kidogo ya mita 5, ili kusaidia kupambana na ukataji wa misitu. Kenya ilikuwa ndani. Watu wakazizoea kama maji ya bomba: kozi zikajengwa juu yake, miradi ya kaunti ikajengwa juu yake. Mapema mwaka 2025 utaratibu ule wa bure ukafika mwisho, na nikaona jinsi tulivyokuwa tumejipanga vibaya. Hatukuwa tumemwomba yeyote atulipie, kwa hiyo hatukuwa na wa kumwendea kudai.

Hata ukiwa na pesa mkononi, kununua kuna mambo yake. Muuzaji wa picha kali kwa kawaida hakuuzii chini ya kilomita za mraba 25 za picha iliyokwisha kupigwa, na ukitaka setilaiti ikupigie mpya kiwango cha chini mara nyingi huwa 100. Mathare na Huruma zikiunganishwa hazifiki hata tano. Unalipia Eastleigh na Muthaiga usizozihitaji. Na ukiagiza picha mpya ya Aprili, mwezi wa masika, omba Mungu kuhusu mawingu, au nenda kwenye rada inayoona hata mawingu yakitanda, kama Sentinel-1 ya bure au zile za kampuni ya ICEYE zenye pikseli ndogo zaidi. Rada lakini inataka mtu aliyefundishwa kuisoma. Juu ya mabati hung'aa ovyo ovyo.

Sasa leseni yenyewe. Watu huifikia mwisho, ilhali ndiyo ya kusomwa mwanzo. Kawaida inatenganisha vitu viwili. Picha yenyewe, pikseli zilivyokuja, huruhusiwi kumpa mtu mwingine wala kuiweka mtandaoni kwa ubora wake kamili. Kilichotokana na picha, kama mistari ya paa ulizochora au jedwali la idadi ya nyumba, mara nyingi unaweza kukisambaza, mradi mtu asiweze kurudi nyuma kutoka hapo akaipata picha. Mtafiti aliyelielewa hilo anapanga kazi yake mapema: anachapisha mipaka, msimbo wa programu na namba za utambulisho za picha alizotumia, ili mwenye leseni kama yake azitafute na kurudia kazi. Angalia pia ni watu wangapi wanaruhusiwa, kama wanafunzi wanahesabiwa, na nini kinatokea leseni ikiisha. Zipo zinazokutaka ufute kila kitu. Hebu fikiria tasnifu ambayo data zake ni lazima zifutwe kabla mwenyewe hajaitetea.

Msimamo wangu ni kwamba mtafiti mmoja mmoja hapaswi kubeba mzigo huu. Maktaba za vyuo vyetu zilikwisha kutatua tatizo la namna hii hii kwenye majarida ya kisomi. Kupitia muungano wao, KLISC, vyuo vinachanga na kujadiliana na wachapishaji kwa sauti moja, na mwanafunzi wa chuo kidogo anafungua makala ambayo chuo chake peke yake kisingeweza kuilipia. Kwa nini picha zisinunuliwe hivyo? Mtunzaji wa picha hizo hatuna shida ya kumpata. Kituo cha kikanda cha ramani, RCMRD, kilichoko Kasarani, kilianzishwa mwaka 1975 na kinahudumia nchi nyingi wanachama. Shirika la Anga la Kenya lipo tangu 2017, na Aprili 2023 lilirusha Taifa-1. Ni hatua nzuri, ingawa setilaiti moja ndogo haitatuondolea haja ya kununua.

Najua jibu la wenzangu: data zote ziwe bure, kama za Landsat, setilaiti za serikali ya Marekani. Wanasahau kwamba hata Landsat iliwahi kukabidhiwa kampuni binafsi, na bei ya picha moja ikapanda hadi maelfu ya dola. Ilifunguliwa kwa wote mwaka 2008 kwa sababu serikali ya Marekani iliamua kubeba gharama. Kampuni zilizojenga setilaiti kwa fedha za wawekezaji hazina mlipa kodi wa kuzibeba, na tukizisubiri zilainike moyo tutazeeka.

Muungano huo ukikaa mezani na muuzaji, sitaanza na bei. Nitaanza na vifungu vitatu: wanafunzi wahesabiwe kuwa watumiaji halali hadi watakapohitimu, picha zilizotumika katika kazi iliyochapishwa zihifadhiwe Nairobi hata mkataba ukikatika ili mhakiki aweze kuja kuziona, na watu wa mtaa uliopigwa picha waonyeshwe ramani yao kabla haijafika ofisini kwa mtu. Hicho cha tatu muuzaji hatakipinga, hakimgharimu kitu. Watakaosita ni sisi wenyewe, maana ramani ya nyumba zilizorudi kando ya mto ndiyo hiyo hiyo ramani anayoihitaji mwenye tingatinga.