Kanisa la Sant'Andrea lilijengwa ili watu waone

Vikundi vyetu vya hija vikienda Italia, ratiba ni ileile: Roma, Assisi, pengine Padova. Mantova haimo. Naona tunakosa jambo kubwa.

Katika mji huo kuna kanisa la Sant'Andrea. Wasomi wa usanifu husifu uso wake, tao kama lile la ushindi la Warumi wa kale lililounganishwa na umbo la hekalu, na wanastahili kulisifu. Lakini wengi huishia hapo mlangoni, ilhali kanisa lilijengwa kwa ajili ya kilichomo ndani.

Mapokeo yanasimulia kwamba Longinus, askari aliyemchoma Yesu ubavu kwa mkuki, alileta Mantova udongo uliolowa damu ya Bwana. Sisi tunaoadhimisha Julai kama mwezi wa Damu Azizi ya Yesu tunaelewa kwa nini mahujaji walifurika mjini humo hadi kanisa la zamani likawa dogo. Mwaka 1470 msanifu majengo Leon Battista Alberti alimwandikia mtawala, Ludovico Gonzaga, kuhusu mchoro wake. Alijua haja kuu ni nafasi, umati upate kuiona Damu ya Kristo.

Ukiingia unaliona wazo hilo kwa macho. Ukumbi ni mmoja, mpana, umefunikwa na dari la tao moja refu. Hakuna safu za nguzo katikati. Uzito wa dari umebebwa na kuta nene za pembeni, na ndani ya unene huo vimejengwa vikanisa vidogo. Katika kimojawapo amezikwa mchoraji Mantegna. Bibi mfupi aliyechelewa, akasimama nyuma kabisa, haoni kizuizi kati yake na altare. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo ambayo fundi anaweza kumpa muumini.

Alberti alifariki mwaka 1472, ujenzi ukiwa ndio kwanza unaanza, na kuba lilikuja karne ya 18. Hakuiona kazi yake.

Chini ya kuba hilo kuna uzio wa marumaru wenye pembe nane. Chini yake, katika kanisa la chini ya ardhi, vimehifadhiwa ndani ya sanduku vyombo viwili vya masalia ya Damu hiyo. Ijumaa Kuu sanduku hufunguliwa, vyombo vinatolewa, na watu wa Mantova huandamana navyo barabarani. Anayepanga hija apange siku hiyo.