Kuchonga kifua kwa mafuta: wanaotaka wana hoja, lakini Tanga iko mbali na meza ya upasuaji

Upasuaji wa kuchonga mwili kwa mafuta ya mtu mwenyewe umeingia kwenye mazungumzo ya vijana wa mazoezi hapa Tanga. Majibu wanayopata ni mawili tu: wengine wanawaambia ni kumkosoa Muumba, wengine wanawaambia ni kazi ya nusu siku na unarudi nyumbani. Kijana anayetaka kuamua kwa akili yake hapati msaada kwa yeyote kati ya hao.

Kinachofanyika ni hiki. Daktari anadunga tumboni au kiunoni maji yenye dawa ya ganzi na dawa ya kubana mishipa ya damu, kisha ananyonya mafuta kwa mrija mwembamba wa chuma, akifuata mistari ya misuli ili ijitokeze. Mafuta yanasafishwa, halafu yanachomwa kifuani, mabegani au kwenye mikono. Aliyeipa mbinu hii umaarufu miaka ya 2000 ni daktari Alfredo Hoyos wa Bogotá, Kolombia.

Nawaelewa wanaoitaka. Mafuta ni yako mwenyewe, mwili hauyakatai. Wapo wanaozaliwa bila msuli wa kifua upande mmoja, na kwao kupandikiza mafuta ni tiba inayotambulika kabisa. Halafu tujiulize kijana mwenye haraka ya kifua anatumia nini sasa. Kuna sindano za homoni za kiume, ambazo hudumaza korodani na kupunguza mbegu za uzazi. Kuna na mafuta ya viwandani yanayochomwa moja kwa moja kwenye msuli, yanayoacha majipu na makovu yasiyokwisha. Ukiyaweka hayo kwenye mizani, daktari bingwa katika chumba safi cha upasuaji ni afadhali mara nyingi.

Lakini nenda jioni kwenye uga wowote wa mazoezi Ngamiani, pale chuma ni bomba lililochomekwa kwenye makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege. Kijana analala kwenye benchi la mbao, mwenzake amesimama kichwani mikono tayari, anasukuma mpaka mishipa ya shingo inatoka. Kifua kile kina nguvu. Cha mafuta hakiongezi hata kilo moja ya kuinua, maana mafuta hayageuki msuli. Anayekipata na kukionyesha mtandaoni ili auze ratiba za mazoezi anawaibia wenzake, na hilo linaniudhi kuliko upasuaji wenyewe.

Tena si mafuta yote yanayobaki. Ni kama mche uliohamishwa: usipopata unyevu mapema, unakauka. Chembe ya mafuta iliyo mbali na mishipa ya damu, hata kwa milimita chache, hufa, ndiyo maana daktari makini huchoma kidogo kidogo kwa nyuzi nyembamba. Sehemu kubwa inaweza kunyonywa na mwili miezi ya mwanzo. Yanayobaki yanaendelea kuwa mafuta: ukinenepa yanavimba, na mistari ya tumbo iliyochongwa inaharibika sura.

Ndani ya msuli kuna damu nyingi, kwa hiyo mafuta hushika vizuri. Hapohapo ndipo hatari ilipo. Kwenye makalio, mrija ukitoboa mshipa mkubwa, mafuta hukimbilia kwenye moyo na mapafu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kifo kimoja kwa kila upasuaji 3,000 hivi wa kuongeza makalio, na mwaka 2018 vyama vya madaktari vikaagiza mafuta yasichomwe ndani ya msuli wa makalio, yaishie chini ya ngozi tu. Ndani ya misuli ya kifua na bega hakuna mishipa mikubwa ya namna ile, na hiyo ni hoja ya kweli ya wanaoutetea. Hata hivyo chini ya kifua kuna pafu, na mrija uliopotea njia unaweza kulitoboa. Kila kitu kinategemea mkono wa daktari.

Hapo ndipo sisi wa Tanga tunapopaswa kuwa wakali. Huduma za upasuaji wa urembo zipo Dar es Salaam, ikiwemo Muhimbili Mloganzila, umbali wa kilomita 350 hivi. Kukaa kwenye basi saa nyingi baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Ukibanwa na kifua usiku ukakimbizwa Bombo, hospitali yetu ya hapa Tanga, daktari wa zamu atahitaji kujua umefanywa nini.

Siungi mkono kuupiga marufuku. Mtu mzima na mwili wake. Ila adai karatasi: mafuta kiasi gani, yamechomwa wapi, ndani ya msuli au juu yake, dawa zipi zimetumika, na simu ya daktari inayopokelewa usiku. Na gharama aihesabu pamoja na chumba cha kukaa Dar mpaka aliyempasua amruhusu kusafiri. Bima ya afya hailipii urembo, kwa hiyo chumba, dawa na nauli ya kurudi kukaguliwa vyote vitatoka mfukoni mwake.