Jagi la Mama Mkwe

Leo tena jani jingine la monstera, mmea wetu wa ndani ya nyumba, limegeuka njano. Hata mswaki sijashika, naliona limeinamisha kichwa kama mtu aliyekabidhiwa barua ya kuachishwa kazi. Ni la tatu tangu mama mkwe aondoke, na leo nitasema yote, maana humu ndani sina pa kuyasemea.

Huu monstera tuliletewa na shemeji ukiwa na majani mawili mazima, bila hata tundu. Nikadhani tumepewa feki. Kumbe ukiwa mdogo majani hayachaniki. Matundu huja na ukubwa, kama madeni. Niliposikia kwao ni misitu ya kusini mwa Meksiko hadi Panama, nikaupa heshima ya balozi: karibu na dirisha, mwanga tele, ila jua kali lisiuguse, litaunguza majani. Mimi jua linanichapa kitandani kila asubuhi na hakuna aliyewahi kunisogeza.

Basi siku hiyo nilikuwa naupangusa vumbi. Kitambaa chenye unyevu, jani moja moja, kiganja kimelikinga kwa chini kama unamnawisha mtoto uso. Mama mkwe akatokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huo unazaa?"

"Ndani ya nyumba ni nadra, mama."

"Majani yake ni mboga?"

"Hapana mama. Ukiyatafuna yanawasha mdomo mzima."

Akapitisha kidole kwenye tundu moja, kikatokea upande wa pili. "Na wadudu wameshautafuna hivi, bado unauogesha?"

"Ndivyo ulivyoumbwa, mama."

Akanitazama vilevile alivyonitazama siku ya kwanza nilipoletwa kwao.

Kesho yake alfajiri kingo za majani zilikuwa zinadondosha matone. Ni kawaida: udongo ukiwa umelowa, usiku mizizi husukuma maji mpaka yakatokea huko juu. Nikafungua mdomo kueleza. "Unalia kiu," akasema, akamimina jagi zima. Jioni, jagi la pili. Nami, mkwe mwenye adabu zangu, nikasema, "Asante mama." Siku 8, jagi 16! Mmea ambao mimi siumwagilii mpaka nichomeke kidole kwenye udongo nikute pakavu! Nikawa naamka saa tisa usiku kumwaga maji ya kisahani kama mwizi, nanyata, najikwaa kwenye mizizi yake inayoning'inia hewani, nang'ata ulimi nisimwamshe mgeni. Mke wangu akauliza kama nina kisukari.

Sasa nimeung'oa kwenye chungu. Mizizi mingine imekuwa myeusi, inateleza, inanuka. Dawa yake ni kuikata na kubadilisha udongo. Haya, mkasi uko wapi? Mkasi wa nyumba hii ulionekana mara ya mwisho ukifungua pakiti ya maziwa, na hakuna aliyeushika. Hakuna! Ulitembea wenyewe. Kama chaja yangu ya simu, ambayo nayo hakuna aliyeiona, lakini simu ya huyu kijana wangu muda wote iko asilimia 100.